Nilienda Jinja Kujifunza Kupinduka

Watu wangu, kuna swali nimeulizwa mara nyingi mpaka nimeamua kulijibu mara moja tu, kwa urefu, halafu tusirudiane. Swali ni hili: "Dada, ulitoka Mumias, chuo uliacha mwaka wa pili, pesa huna, halafu unachukua begi unaenda Uganda kupinduliwa na maji. Kwani ni nini kilikuwa kinakusumbua?"

Sawa. Weka simu kwa chaji, hii ni ndefu.

Mambo ya chuo nishawahi kuyaongelea, sitayarudia leo. Kinachohusika hapa ni maji. Mimi nimezaliwa na kulelewa karibu na Mto Nzoia. Ukitoka Mumias ukielekea Bungoma unapita juu yake kwenye daraja, na kama ni msimu wa mvua utauona umekuwa na rangi ya chai ya maziwa, umebeba magogo, majani ya miwa na kila kitu kingine. Mto huu unatoka milima ya Cherangani na Mlima Elgon, unashuka Webuye kwa yale maporomoko ambayo wazee bado wanayaita Broderick, unapita kwetu, halafu unaenda kusumbua watu wa Budalangi kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Kila mwaka tunaona picha za Budalangi kwenye taarifa ya habari, nyumba zimezama hadi madirishani. Tunasema pole, tunabadilisha chaneli.

Sasa niulize. Katika watu kumi unaowajua hapa kwetu, ni wangapi wanajua kuogelea? Sisemi kupiga mbizi kwenye dimbwi ukiwa mdogo. Nasema kuogelea, yaani ukitupwa katikati ya mkondo ujue mwili wako ufanye nini. Mimi nilihesabu katika familia yangu yote, upande wa mama na wa baba, nikapata mmoja, na huyo ni mjomba aliyefanya kazi Mombasa.

Nilipokuwa darasa la saba, rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja alienda mtoni na wenzake kuoga. Hakurudi. Sitaandika jina lake, mama yake bado yuko hapa mtaani na ananiamkia kila siku. Nitasema tu nilichokiona, kwa sababu nilifika pale pamoja na watu wengine waliokuwa wanakimbia. Ukingoni kulikuwa na watu wazima labda thelathini. Kulikuwa na mitungi mitupu ya plastiki ya wachota maji. Kulikuwa na kamba, ndefu kabisa, ya kufungia mizigo kwenye baiskeli. Na wote tulisimama tunapiga nduru. Hakuna aliyejua kwamba ile kamba na ule mtungi vikiunganishwa ni kifaa cha kuokoa mtu. Simlaumu yeyote. Hata mimi nilikuwa pale nikipiga nduru.

Kukhu wangu alisema mto ulikuwa umedai chake, na ukishadai hunyamaza mpaka mwaka ujao. Mimi tangu siku hiyo sikutia hata mguu kwenye Nzoia. Miaka tisa. Nikivuka daraja kwenye matatu nilikuwa naangalia upande wa barabara.

Kwa hivyo safari haikuanza kama mambo ya maji. Ilianza kama safari ya mlima. Nilitaka kutengeneza video za kuzunguka Mlima Elgon, ule upande ambao sisi Wakenya hatuuoni. Kutoka Mumias ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri: matatu hadi Bungoma, nyingine hadi Malaba, unavuka. Mkenya anaingia Uganda na kitambulisho chake tu, pasipoti si lazima, ila beba kile kikadi cha njano cha chanjo ya homa ya manjano wasije wakakusumbua. Shilingi moja ya Kenya ilikuwa inakupa kama 28 za Uganda, kwa hivyo kwa dakika tano hivi unajisikia milionea, mpaka uagize chakula. Na upande ule matatu inaitwa taksi, usije ukasimama stendi ukingoja matatu kama mimi.

Kuna jambo lingine la mpaka huu ambalo shuleni walitupitishia haraka. Hadi 1902, huku kwetu kulikuwa Uganda. Si utani. Mumias, kwa Nabongo Mumia, ilikuwa kituo kikubwa cha misafara iliyotoka Pwani, ndiyo maana mpaka leo Kiswahili na Uislamu vina mizizi mirefu kwetu. Askofu Hannington alipita hapa 1885, wakati pakijulikana kama Kwa Sundu, akaacha kundi kubwa la msafara wake hapa, akaendelea na wachache hadi Busoga ambako aliuawa. Kwa hivyo kutoka Mumias kwenda Busoga ni njia ya zamani sana. Mimi nilikuwa nayo Android na powabenki, hiyo tu ndiyo tofauti.

Mbale nilikaa siku tatu. Wagisu wakinisalimia "mulembe" nilikuwa najibu "mulembe" bila hata kufikiria, wanashangaa, wananiuliza natoka kijiji gani. Kigisu na Kibukusu ni kama ndugu walionyonya ziwa moja, na mimi Mwanga nilikuwa nadandia humo humo. Baadaye nikapanda Sipi. Maporomoko ya Sipi ni matatu, lile kubwa linashuka kama mita 100, na ukisimama chini yake huwezi kusikia mtu aliye kando yako. Nilipiga picha nikiwa mbali. Vijana wanaotembeza wageni walinivuta niende karibu nikakataa, nikasema kamera itaingia maji. Kamera ilikuwa na mfuko wake wa kuzuia maji.

Usiku ule, pale Sipi, tukiwa tunakula viazi na maharagwe, msichana mmoja Mganda aliyekuwa akisafiri peke yake kama mimi aliniambia anaenda Jinja kujifunza kayaki. Akanionyesha video. Kwenye hiyo video hakukuwa na mzungu hata mmoja. Kulikuwa na mwanamke Mwafrika, amevaa helmeti, anageuzwa na wimbi, anapotea chini ya maji, moja, mbili, tatu, halafu huyo anaibuka anacheka. Alikuwa Amina Tayona, mama kutoka huko huko Bujagali, karibu na Jinja, anayeshindana kwa kayaki.

Niliirudia hiyo video mara nyingi mno. Si lile wimbi lililonishika. Ni zile sekunde tatu za chini ya maji. Nilitaka kujua mtu anafanya nini mle ndani.

Najua wengine mshaanza: "hayo ni mambo ya wazungu." Hebu. Kayaki haikutengenezwa na wazungu. Ni chombo cha Wainuiti, watu wa Greenland na kaskazini kabisa ya Amerika, waliofunika mifupa ya mbao kwa ngozi za wanyama wa baharini na kuwinda nacho. Ile mbinu ya kupinduka na kujiinua bila kutoka ndani ya chombo ni yao pia, kwa sababu kwenye maji ya barafu ukitoka umekufa. Na kama unataka Mwafrika, Benjamin Boukpeti aliipa Togo medali yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki, shaba, Beijing 2008, kwa kayaki kwenye maji ya kasi. Halafu akavunja kasia lake kwa furaha mbele ya dunia nzima. Kwa hivyo hiyo hoja iweke pembeni.

Nikaenda Jinja.

Wacha niwaambie kuhusu pesa, maana hiyo ndiyo huwa mnafichwa na watu wa kusafiri safari. Masomo ya kayaki yanauzwa kwa dola, bei ya watalii, na mimi doo yangu ilikuwa ya taksi na roleksi (na kwa wasioijua, roleksi ni chapati iliyokunjwa na mayai ndani, chakula kizuri zaidi cha msafiri katika Afrika Mashariki, sibishani na mtu). Nilichofanya, nilizungumza na kijana mmoja Msoga anayefundisha kwa kujitegemea. Alikuwa na ustadi wote duniani na video zenye kutikisika kama zimepigwa na mbuzi. Tukaelewana: mimi nampigia na kumhaririia video kwa wiki mbili, yeye ananifundisha asubuhi. Malazi nililala kwenye hema. Alikuwa ananiita "Kenya". Mimi nilimwita kocha.

Siku ya kwanza aliniuliza, "Kenya, unaogelea?"

Nikamwambia sijui.

"Hujui kuogelea ama hujui kama unajua?"

Nikamwambia yote mawili, na nikamwambia pia kuhusu rafiki yangu. Hakusema pole nyingi. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi kayaki ingoje. Kwanza utalala juu ya maji."

Kwa hivyo siku mbili nzima sikugusa kayaki. Nilivaa jaketi la kuelea na helmeti, nikaingia kwenye maji yaliyotulia, nikajifunza kulala chali. Inaonekana upuzi, lakini hilo ndilo somo nililolipenda kuliko yote, na ndilo nataka ulibebe hata kama hutawahi kuona kayaki maishani mwako. Ukibebwa na mkondo, usisimame. Usijaribu kusimama hata kama maji yanakufika magotini tu. Mguu ukinasa kati ya mawe mawili, maji yanakusukuma kifudifudi na huwezi kuinuka tena, mto hauchoki kusukuma. Lala chali, vidole vya miguu vionekane juu ya maji, miguu ielekee kule mto unakoenda ili ikutane na mawe kabla ya kichwa. Halafu piga mikono pole pole ukienda kwa mshazari hadi ukingoni. Usipambane kurudi ulikotoka, hata bingwa hashindi mkondo kwa kuogelea kinyume chake.

Siku ya tatu nikakalishwa ndani ya kayaki. Wasee, hiki si mtumbwi. Unakivaa. Magoti yanabana juu, nyonga zinabana pembeni, halafu kuna kitambaa cha raba kinachokuzunguka kiunoni kama sketi na kufunika tundu lote ili maji yasiingie. Mbele ya hiyo sketi kuna kitanzi. Kocha alinishika mkono akakiweka kwenye hicho kitanzi. "Hiki ndicho mlango. Usipokipata hakuna kutoka. Kitafute ukiwa umefumba macho." Nikakitafuta mara ishirini nikiwa nchi kavu, juu ya nyasi, watoto wa pale wakinicheka.

Halafu akanipindua.

Sasa nikueleze zile sekunde tatu. Kichwa kiko chini, dunia ni kijani na kahawia, masikio yamejaa, na maji yanaingia puani kama pilipili. Mwili wako wote unakwambia kitu kimoja: panda juu. Lakini juu ndiko ulikofungwa. Ukifuata mwili unavyotaka, yaani ukiinua kichwa kutafuta hewa, hupati chochote. Inabidi ufanye kinyume: uiname mbele, upige tumbo la kayaki mara tatu kwa viganja ili walio juu wajue uko macho, ndipo uvute kitanzi, usukume, utoke. Mara ya kwanza sikupiga hata mara moja. Nilivuta na kutoka kama kizibo cha soda, nikakohoa mpaka nikalia. Na nilipolia nililia vizuri, si kwa sababu ya pua. Kocha aliishika kayaki tu, akangoja, akaangalia upande mwingine. Watoto wale waliacha kucheka.

Mara ya sita nilipiga mara tatu. Mara ya kumi na kitu, nilihesabu hadi tano kabla ya kuvuta. Kocha alisema siku ile nimepinduka mara arobaini. Mimi naamini alikuwa anapunguza.

Kujiinua bila kutoka ni somo jingine kabisa, na siwezi kukufundisha kwa maandishi, nitakudanganya. Ila siri yake ni nyonga, si mikono. Unalaza kasia juu ya maji, unalizungusha kama unachora nusu duara, na wakati huo nyonga inaigeuza kayaki. Kichwa ndicho kitu cha mwisho kutoka majini. Cha mwisho! Ukiharakisha kichwa, unazama tena. Wanaume wenye vifua vikubwa waliokuwa wanajifunza karibu nasi walikuwa wanavuta kwa nguvu na kurudi chini pwaa, na mimi mwenye mikono ya kuandikia niliweza siku ya saba. Siringi. Naringa kidogo.

Mto wenyewe sasa. Nile pale Jinja, kwa anayejifunza, ni mto wa ajabu: mkubwa kupita kiasi, lakini una huruma fulani. Ni wa kina, maji yake ni ya vuguvugu, na sehemu nyingi ukianguka unaangukia maji matupu badala ya mawe. Maji yanayopita ni karibu mita za ujazo 1,000 kwa sekunde. Fikiria yale matangi meusi ya lita 10,000 tunayoyajua, mia moja, yanamwagwa kila sekunde, usiku na mchana. Halafu katikati ya hiyo vurugu, nyuma ya kila jiwe kubwa, kuna mahali maji yametulia, hata yanarudi nyuma polepole. Kocha alipaita sebuleni. Ukijua kuingia sebuleni unaweza kuushuka mto wenye kelele kwa vipande vifupi: unakata mkondo, unaingia sebuleni, unapumua, unaangalia mbele, unatoka tena. Wakati wa kutoka, unainamisha kayaki ili tumbo lake ndilo likutane na mkondo. Ukiinamia upande unakotoka mkondo, maji yanapanda juu ya kayaki na unajua kinachofuata.

Nilipokuwa nimekaa kwenye sebule moja kama hiyo, kocha akauliza mto wa kwetu unaitwaje. Nikamwambia Nzoia. Unaenda wapi? Ziwa Victoria. Akacheka, akaonyesha maji kwa kasia. "Na ziwa linatokea wapi?"

Ziwa linatokea hapa. Jinja ndiyo njia pekee ya mto kutoka Victoria. Kitu ambacho nilikifanyia mtihani wa jiografia na kukipata, na sikuwahi kukifikiria. Maji ya Nzoia, yote, yanazunguka ziwani na yasiyokuwa mvuke mwishowe yanatokea pale nilipokuwa nimekalia. Hata yale ya Sipi yanashuka upande wa pili wa mlima na kuishia Ziwa Kyoga, ambako Nile nayo inapita. Sikusema neno kwa muda. Nilitia mkono majini, nikautoa. Basi.

Jinja hawakunificha upande wa pili wa mambo, na mimi siwafichi. Huo mto wanaoupenda unaliwa kidogo kidogo. Maporomoko ya Ripon, yale ambayo Speke aliyafikia 1862 akaandika kwamba amepata chanzo cha Nile, yalizama bwawa la Owen Falls lilipokamilika 1954. Maporomoko ya Bujagali, ambayo Wasoga wanaamini ni makao ya roho ya Budhagaali, na ambayo vijana wengi wa pale walijifunzia kayaki na kupata kazi ya kuongoza wageni, yalifunikwa na bwawa la megawati 250 lililozinduliwa 2012. Isimba, megawati 183, ikafuata 2019, ikafunika mawimbi mengine chini zaidi. Ziwa tulivu ambako mimi nilijifunza kulala chali ni kaburi la maporomoko hayo ya Bujagali. Chini yangu kulikuwa na mawe ambayo waliotangulia waliyajua kwa majina.

Ni rahisi kukasirika hapo, na kuna watu waliniambia nikaseme Kenya kwamba mabwawa ni mabaya. Mimi siwezi kusema hivyo na nikamwangalia kocha usoni, kwa sababu kijiji chake bado kina nyumba nyingi zinazotumia taa ya jua, na mimi ninahariri video kwa umeme. Kenya imekuwa ikinunua stima ya Uganda tangu miaka ya 1950. Inawezekana kabisa balbu iliyokuwa inawaka sebuleni kwetu Mumias nikifanya homuweki ilikuwa na Nile ndani yake. Ninachokiona si haki ni kwamba anayepoteza mto na anayepata stima si mtu mmoja. Wakati wa Bujagali, serikali ya Uganda iliahidi Benki ya Dunia kwamba Kalagala na Itanda zitaachwa zilivyo. Ahadi ilipewa Benki ya Dunia. Kocha alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayeeleza mkataba wa nyumba ambao jina lake halimo.

Itanda niliiona. Tulitembea hadi ukingoni siku moja jioni. Ni mteremko mrefu wa maji meupe, watu wa kayaki wanaupa daraja la tano na sehemu nyingine la sita, na la sita kwa lugha yao maana yake ni karibu haiwezekani. Aliniuliza kama siku moja ningependa kuushuka. Nikasema hapana, na nilisema bila aibu. Kuna wengine kwenye hii mitandao yetu wangekwambia nimeushuka, wangeweka na muziki. Mimi niliushuka mto wa daraja la tatu, mara nne, nikapinduka mara mbili, nikajiinua mara moja na mara nyingine nikaogelea. Alinitupia kamba, nikaishika, nikavutwa ukingoni kama samaki. Na ile kamba ndiyo iliyonifanya niandike haya yote.

Kwa sababu ni kamba ya kawaida. Mita 20 hivi, imejazwa kwenye mfuko mdogo, unashika ncha, unarusha mfuko, kamba inajifungua yenyewe ikiwa hewani. Unamwita mtu kwanza ili akuangalie, unarusha ipite juu ya kichwa chake, si mbele yake. Yeye anaishika kamba kifuani, analala chali, na kamba inapita juu ya bega lililo mbali nawe. Hajifungi kiunoni hata siku moja. Wewe unakaa chini, unakita visigino, na mkondo wenyewe unamleta ukingoni. Hakuna kuruka ndani ya maji. Kwetu mtu akizama, jasiri mmoja anaruka, tunazika wawili.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na zaidi ya tisa kati ya kila kumi wanatoka nchi za kipato cha chini na cha kati. Yaani sisi.

Nilirudi Mumias na nywele zimeharibika na shilingi mia tatu (za Kenya), pamoja na agizo la kwenda kliniki baada ya wiki kadhaa kumeza dawa ya kichocho, kwa sababu maji yale ya Nile ndiyo hivyo, mazuri na yana kichocho. Ukienda, usipuuze hilo. Mama alinitazama akauliza kama huko nilikokwenda walinipa chakula. Nilipomwonyesha video ya kupinduka aliishika simu kwa mikono miwili, hakusema kitu, akanirudishia, akaenda jikoni. Kesho yake asubuhi akaniuliza, "Na ukiwa kule chini, unaona?" Nikamwambia unaona kidogo. Akasema, "Haya."

Baada ya wiki mbili nilinunua kamba ya nailoni mita 20 hadwea, nikachukua mtungi wa lita tano, nikautia maji kidogo chini ili uwe na uzito wa kurushika, nikaufunga. Hiyo ndiyo kamba ya kurushia ya bei ya Mumias. Jumamosi nikashuka Nzoia, pale vijana wanapochota mchanga, na nikakaa kwa muda kabla ya kusogea karibu na maji. Halafu nikawaita. Walikuwa saba. Wa kwanza alirusha mtungi ukaangukia nyuma yake. Wa pili aliupiga mti. Mmoja, mkubwa wao, alikataa kabisa, akasema yeye anaujua huu mto tangu utotoni, kisha baada ya nusu saa akaja akarusha vizuri kuliko wote, akaondoka bila kusema kitu. Tukamlaza mdogo wao chali kwenye maji ya magotini, wawili wamemshika, akawa anacheka kwamba anaona mawingu.

Niliwaachia kamba waifunge kwenye mti pale pale. Jumatano nikapigiwa simu, kamba imepotea. Tulikuja kuipata imefunga ng'ombe wa jirani. Mwenye ng'ombe anasema aliokota. Nimenunua nyingine, hii nimeipaka rangi nyekundu.